Mille Lacs, Leech Lake au Lake of the Woods: uwapeleke wapi watoto wakavue wolai na paiki?

Theluji ikianza kuyeyuka hapa Minnesota, Marekani, simu zinaanza. "Dada, mwaka huu tumeamua kuwatoa watoto wakavue. Twende ziwa lipi?" Wengi wetu tumekulia kando ya maji, huyu Kisumu, yule Kigoma, mwingine Uvira, mimi Musoma, kwa hiyo samaki hatukuanza kuwajua huku. Kinachotusumbua ni kuchagua. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 na zaidi, na ukimuuliza mwenyeji atakutajia lile alilokuwa akipelekwa na babu yake.

Majina yanayorudi kila mara ni matatu: Mille Lacs, Leech Lake na Lake of the Woods. Yote nimekwenda na familia yangu, yote tumerudi na samaki, na kwenye mojawapo tumerudi na hofu pia. Hapa nayapima kwa mambo yaleyale: umbali, upepo na usalama wa watoto, samaki wenyewe, sheria na hati, na cha kufanya kwa wasiotaka kushika fimbo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ziwa huchaguliwa kwa kumtazama mdogo kuliko wote ndani ya gari, au mzee kuliko wote. Picha ya samaki mkubwa kwenye simu ya jirani haitakusaidia mtoto akianza kutapika katikati ya maji.

Kwanza tuwajue hawa wawili

Wolai, ambaye kwenye vibao utamkuta ameandikwa walleye, ndiye samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965. Ana rangi ya dhahabu iliyoingiliana na kijani, tumbo jeupe, na jicho kubwa lenye ukungu. Ndani ya jicho hilo kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka, ndiyo maana huona vizuri penye giza na huwinda alfajiri na jua linapochwa. Mchana wa jua kali hushuka chini akatulia. Kwa mzazi hilo ni jambo zito, maana mwezi Juni jua la huku huzama saa tatu usiku. Saa nzuri ya wolai ndiyo saa ambayo mtoto wa miaka mitano ameshaanza kulia usingizi.

Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, na minofu yake ni rahisi kuitoa miiba. Aliyezoea minofu ya sangara atamkaanga bila kufundishwa.

Paiki ni mrefu, mdomo bapa kama wa bata, umejaa meno. Hujificha kwenye majani ya majini akivizia, na akiona kitu kinang'aa hakawii. Yeye hula mchana. Mtoto akirusha kijiko cha chuma chenye ndoano kando ya majani na kukivuta polepole, ana nafasi ya kweli ya kunasa kitu kabla hajachoka. Mwanangu wa kati, akiwa na miaka saba, alimvuta mmoja hadi ubavuni mwa boti. Tukamwona sote: mgongo wa kijani wenye madoadoa meupe, mrefu kama mkono wangu. Akageuza kichwa mara moja tu, mshipi ukakatika kama uzi wa cherehani. Hatukuwa tumefunga kipande cha waya mbele ya ndoano. Tangu siku hiyo hatumtafuti paiki bila waya, wala bila koleo refu la kutolea ndoano, kwa sababu kidole cha mtoto hakina kazi yoyote mdomoni mwa samaki yule.

Taabu ya paiki iko mezani. Juu ya mbavu ana safu ya miiba yenye umbo la Y, na wenyeji wana namna ya kumkata mapande matano ili kuikwepa. Mimi mnofu wa mkiani, usio na miiba hiyo, naukaanga. Sehemu nyingine naichemsha, naichambua kwa vidole, natengeneza katlesi au sambusa. Hakuna anayebakiza.

Kwa watoto ningependelea paiki, kwa chungu ningependelea wolai, na maziwa yote matatu yana wote wawili. Ila samaki hawa ni wala-samaki, na kadiri wanavyokua ndivyo zebaki inavyojikusanya mwilini mwao. Idara ya afya ya jimbo inatoa mwongozo wa kiasi gani cha kula, na kwa mjamzito na watoto mwongozo huo ni mkali zaidi. Sisi tunakula wadogo, tena si kila wiki. Wakubwa tunawapiga picha na kuwarudisha majini.

Umbali

Mille Lacs iko karibu, kama kilomita 160 kaskazini mwa Minneapolis. Unaondoka baada ya chakula cha mchana, unavua jioni, unalala kwako. Familia ambayo mmoja ana zamu Jumamosi na mwingine Jumapili, na kwetu sisi ni familia nyingi, inajua thamani ya hilo.

Leech Lake, ukilenga mji wa Walker, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Huko si kwenda na kurudi. Nyumba ndogo za mbao kando ya ziwa katikati ya kiangazi mara nyingi hukodishwa wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi. Ukitaka siku mbili tatu tu, utafute Mei, mwanzoni mwa Juni au Septemba.

Lake of the Woods ni safari hasa: karibu saa tano hadi Baudette, mpakani kabisa na Kanada. Siku moja inaishia njiani kwenda, nyingine kurudi. Chini ya siku nne mimi nisingeanza.

Upepo, boti na watoto

Hapa ndipo ningeomba usome polepole.

Mille Lacs ina zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini penye kina kirefu kabisa haifiki mita 14. Ni kama sinia. Ziwa pana lenye kina kifupi likipigwa na upepo hutoa mawimbi mafupi yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Mwezi Juni mmoja tulikodi boti ya futi 16. Saa mbili asubuhi maji yalikuwa shwari kabisa, watoto wanacheka, tukasogea kama kilomita mbili kutoka gatini. Kufika saa nne upepo uligeuka. Mawimbi yakaanza kuruka juu ya ubao wa nyuma, pale ilipo injini. Mume wangu akageuza pua ya boti ikabiliane nayo, akawa anakwenda polepole, kiatu chake kimezama kwenye maji yaliyoingia. Binti yangu mdogo alinishika mkono, kucha zimeingia ngozini, hasemi neno. Tulifika salama. Aliyetukodisha hakututajia utabiri wa upepo, na sisi hatukuuliza. Sasa nauliza kwanza, na upepo ukitabiriwa kuzidi kilomita 25 kwa saa boti ndogo haitutoi ufukweni.

Lakini Mille Lacs yenyewe ina jawabu la tatizo hilo, nalo ni lanchi. Ni boti kubwa za abiria, nyingine huchukua watu ishirini na zaidi, zina nahodha, fimbo na chambo viko humo humo, na safari huchukua kama saa nne. Nyingi zina choo. Bibi anakaa kwenye benchi na shuka lake mabegani, mtoto anazunguka bila kuitikisa boti. Kwa familia isiyo na boti wala uzoefu wa kuendesha injini, sijaona njia nzuri kuliko hii katika maziwa yote matatu.

Leech Lake ni zaidi ya kilomita za mraba 400, na katikati yake kuna mawimbi makali vilevile. Tofauti ni umbo lake. Limejikunja, lina ghuba na rasi nyingi, kwa hiyo upepo ukitoka magharibi unahamia ghuba iliyokingwa, ukigeuka nawe unageuka. Tulikaa siku tano pale na hakuna hata siku moja tuliyokosa mahali pa kutupa ndoano. Uangalie tu Ghuba ya Walker, ambayo kina chake kinazidi mita 40. Siyo kama sehemu nyingine za ziwa hilo.

Lake of the Woods ni bahari ndogo: kilomita za mraba zipatazo 4,350 na visiwa zaidi ya 14,000. Visiwa hivyo vinadanganya kwenye ramani, kwa sababu viko kaskazini. Upande wa kusini unaotazamana na Baudette, Big Traverse Bay, ni wazi kabisa, hakuna pa kujikinga. Familia nyingi hukodi boti pamoja na nahodha, mara nyingi ya watu sita, na hilo si anasa. Siku ziwa likichafuka, manahodha huingia Rainy River na uvuvi unaendelea mtoni.

Popote uendapo, sheria ya Minnesota inataka mtoto wa chini ya miaka 10 avae jaketi la kujiokolea boti inapotembea. Mimi nawavisha wote, na baba yao pia. Barafu huku huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Maji ya Mei hayasubiri ujue kuogelea. Baridi inakumaliza nguvu ungali unajaribu kushika boti.

Samaki wanavyopatikana

Mille Lacs ina wolai wengi na wakubwa, ila imebadilika. Mwaka 2005 waligunduliwa humo kome wadogo wenye mistari, wageni kutoka mbali, ambao huyachuja maji. Maji yamekuwa maangavu, mwanga unafika chini zaidi, na samaki anayependa giza amezidi kuwa wa jioni. Chambo kinachopendwa ni ruba aliyening'inizwa chini ya boya dogo. Watoto wengine watakataa kumgusa, na si lazima. Kuna pia majuma ya mwanzo wa kiangazi ambapo wadudu huibuka kutoka chini ya ziwa kwa mawingu, kama tulivyozoea kuona Ziwa Victoria. Wolai wanakula wakashiba, na ndoano yako wanaipita.

Mama yangu alipokuja kututembelea tulimpandisha lanchi ya jioni. Nahodha alipomulika tochi kwenye wavu, macho ya wolai yaliwaka kama makaa. Mwanangu akapiga kelele: "Bibi, jicho lina taa!" Mama akainama, akamtazama samaki kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, hata sangara ukimmulika usiku ndivyo anavyokutazama." Kwa ukoo hawa ni samaki wawili tofauti, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha, kwa sababu juu ya jicho alikuwa amesema kweli.

Leech Lake ndilo lenye mchanganyiko. Wolai wapo, paiki wapo kwa wingi kwenye ghuba zenye majani na mpunga wa mwitu ambao Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, huvuna hadi leo, na juu ya hao kuna samaki wadogo wa manjano wenye milia wanaouma mchana kutwa. Hao wadogo ndio walioniokoa. Mtoto ameketi gatini na mnyoo mmoja, kila baada ya dakika kadhaa boya linazama, na siku yake imekamilika kabla baba hajarudi na wolai hata mmoja.

Lake of the Woods inasifiwa kwa wingi wa wolai, na Baudette wamejenga sanamu yake yenye urefu wa futi 40. Sifa hiyo ina sababu ambayo mzazi anapaswa kuijua: maji yake yana rangi ya chai. Mwanga haupenyi sana, kwa hiyo wolai huuma hata saa sita mchana, na watoto hawahitaji kukesha. Paiki wake nao ni wakubwa, hasa majira ya kuchipua, wanapoingia kwenye ghuba za maji machache.

Sheria na hati

Msimu wa wolai na paiki kwenye maziwa mengi ya jimbo hufunguliwa Jumamosi ya katikati ya Mei. Mkazi mwenye umri chini ya miaka 16 hahitaji leseni. Mtu mzima huhesabiwa mkazi baada ya kuishi jimboni siku 60, na wanandoa wanaweza kukata leseni moja ya pamoja. Wikendi ya Siku ya Mama, mama mkazi anavua bila leseni. Juni kuna wikendi ambayo mzazi mkazi aliyefuatana na mtoto wa miaka 15 au chini naye anaruhusiwa bila leseni. Pia mkazi anaweza kuvua bila leseni akiwa ukingoni au gatini ndani ya hifadhi nyingi za jimbo, alimradi gari limelipiwa kibali cha kuingia. Kwa Mille Lacs hifadhi hiyo ni Father Hennepin, kwa Lake of the Woods ni Zippel Bay. Leech Lake haina ya aina hiyo ukingoni mwake.

Mille Lacs ndiyo yenye masharti yanayogeuka. Waojibwe walibaki na haki ya kuwinda na kuvua kwa mkataba wa mwaka 1837, na Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1999. Samaki wanaoruhusiwa kutolewa hugawanywa kati ya makabila na jimbo, na idadi ya wolai ikishuka sheria inabana. Mwaka 2016 msimu ulifunguliwa kwa sharti kwamba kila wolai arudishwe majini. Soma sheria ya mwaka huohuo, usitegemee aliyokwambia rafiki mwaka jana.

Lake of the Woods kwa miaka mingi imekuwa na kipimo chake: wolai wa kati ya inchi 19.5 na 28, yaani sentimita 50 hadi 71, anarudi majini. Paiki naye, katika ukanda wa kaskazini ya kati, wa inchi 22 hadi 26 hurudishwa, ingawa baadhi ya maziwa yana kanuni tofauti. Nunua utepe wa kupimia uubandike ndani ya boti.

Sasa jambo ambalo wenyeji hawatakwambia kwa sababu haliwahusu. Kipande cha Minnesota kiitwacho Northwest Angle kiko ng'ambo ya Lake of the Woods, na barabara ya kukifikia inapita Kanada. Unavuka mpaka kwenda, unavuka kurudi. Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi isiyoamuliwa, au viza ya kuingia mara moja, asikubali mwaliko wa huko hata rafiki akimwambia ni Minnesota tu. Ukibaki upande wa Baudette huvuki mpaka, lakini uko karibu nao, kwa hiyo hati zako halisi zikae mfukoni na si nyumbani kabatini. Kwa Mille Lacs na Leech Lake suala hili halipo.

Wasiotaka kuvua

Mille Lacs: ufukwe wa hifadhi kwa watoto wadogo, na karibu na Onamia kuna makumbusho ya Waojibwe ambayo binti yangu mkubwa aliyapenda kuliko ziwa. Leech Lake inashinda kwenye kigezo hiki. Kuna njia ya baiskeli inayopita Walker, na chini ya saa moja kwa gari iko Hifadhi ya Itasca, iliyoanzishwa mwaka 1891, ambako Mto Mississippi unaanzia na mtoto anauvuka kwa kukanyaga mawe. Lake of the Woods ina ufukwe mrefu wa mchanga Zippel Bay, na zaidi ya hapo ni samaki tu. Kijana wa miaka 15 asiyependa uvuvi atahesabu siku. Kote kuna mbu jioni, na kupe msituni wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo kagueni miili ya watoto kabla ya kulala.

Kwa hali yako

Kama mna siku moja, hamna boti, na kuna bibi au mtoto mchanga, nendeni Mille Lacs kwa lanchi. Chagueni ya jioni kama watoto wana miaka minane na zaidi, ya mchana kama ni wadogo, hata wolai wakiwa wachache.

Kama mna wiki, watoto wa umri tofauti, na mmoja wenu tayari amesema yeye hashiki minyoo, Leech Lake. Wakati wa kukodi ulizeni mambo matatu: gati liko upande gani wa upepo, kuna kibanda cha kusafishia samaki, na majaketi ya watoto yapo ya kuwatosha?

Kama watoto wamekua, wamewahi kuvua wakaipenda, na mnataka samaki wa kutosha kualika majirani, jipeni siku nne Lake of the Woods pamoja na nahodha. Ndugu wawili wakichangia boti ya watu sita, gharama inabebeka.

Kama fedha ni kidogo, piga hema Father Hennepin na mvulie gatini. Paiki na samaki wadogo wanafika hapo, na ukingo hautikiswi na mawimbi.

Na kama hujui bado kama watoto wataipenda kazi hii, usianze na ziwa lolote kati ya haya. Jimbo lina mpango uitwao Fishing in the Neighborhood, unaopandikiza samaki kwenye mabwawa ya mitaani hapa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake, na mengi yana magati. Beba fimbo moja fupi, boya, kopo la minyoo na chapati za kutosha, mfike saa moja asubuhi kabla jua halijapanda.